Kiti cha Mzee Nyenza

Nina kesi mkononi na sina hakimu. Watu watatu, kiti kimoja. Nimeipeleka kwa vinyozi, nimeipeleka kwenye foleni ya maji, na kila nilipoipeleka nimeacha watu wanabishana mpaka chai inapoa. Leo nawaletea ninyi. Sharti langu ni moja tu, asinikatize mtu. Wewe unayetikisa kichwa hapo, hata sijamtaja mtu bado, nakuona. Tulia kwanza.

Mafinga, kwenye baridi na mipaina, kuna mjane anaitwa Mama Kikoti. Ana kiwanda cha kupasua mbao. Marehemu mumewe alikuwa na ugonjwa mmoja maisha yake yote, nao ni mbio za magari. Si zile za kuzunguka uwanjani kwenye lami, hapana. Ni zile za vumbi na matope, gari moja moja linaachiwa porini likimbizane na saa, na ndani wamo watu wawili, dereva na msoma noti. Alipofariki aliacha kiwanda, watoto, na gari moja la njano la mashindano. Ndugu wakamshauri mama aliuze. Akawaambia, "Nikiliuza hili nitakuwa nimemzika mara ya pili." Basi mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa niwape watu wenyewe.

Wa kwanza ni Mzee Vitalis Nyenza, miaka hamsini na minane, na kiti cha dereva katika gari hilo amekikalia miaka ishirini na sita. Kipaji chake ni kumbukumbu. Barabara akiipita mara moja haimtoki. Muulize kona ya tatu baada ya zahanati ya kijiji chochote kule Mufindi, atakuambia inakata upande gani, ilikuwa na jiwe gani, na jiwe lile liliondolewa mwaka gani. Jina la mjukuu wake wa tano humtoka, mpaka amwite "wewe mtoto wewe", lakini jiwe halimtoki.

Wa pili ni Elia Chengula, kijana wa Makete, miaka ishirini na minne, dereva wa akiba. Yeye kipaji chake ni kasi. Mafundi walikuwa wakimtania kwamba hajui hata breki ziko mguu gani. Alikuwa amekaa akiba misimu mitatu, anaosha gari, anajaza upepo, anamtazama mzee akiondoka nalo.

Wa tatu ni Salha, mwalimu wa darasa la pili, na ndiye msoma noti. Mjue noti ni nini. Siku mbili tatu kabla ya mashindano, dereva na msomaji wanaipita njia taratibu. Dereva anaitamka kila kona, msomaji anaiandika. Moja ni kona kali kabisa, sita unaipita bila kuachia mafuta. Siku yenyewe msomaji anamrudishia dereva maneno yake, kona moja mbele ya macho. Kipaji cha Salha ni sauti. Gari liko hewani, gari linaserereka, yeye anasoma kwa sauti ileile anayowasomea watoto imla. Haipandi wala haishuki.

Haya. Misimu mitatu ikapita bila kombe, na Mafinga watu wana midomo. Sokoni wanasema mzee amechoka. Stendi wanasema mama anamwonea haya kwa sababu alikuwa rafiki wa mumewe. Na msimu unaofuata ulikuwa mkubwa, ubingwa wa taifa, ambako kila gari linapeleka jina la dereva mmoja tu. Hakuna akiba huko. Asiyeandikwa hakai kwenye kile kiti mwaka mzima, na kwa mtu wa miaka hamsini na minane mwaka mzima maana yake ni basi tena.

Mama Kikoti akawaita wote watatu. Akasema, "Mnaijua kanuni ya marehemu. Kiti ni cha anayelirudisha gari getini hapa kiwandani kwa magurudumu yake. Hakuuliza umri, hakuuliza undugu. Mashindano ya misitu ndiyo yataamua. Mnakubali?"

Wakakubali, wakapeana mikono. Hakuna aliyelazimishwa, hilo mlishike vizuri.

Mashindano ya misitu yana sehemu tatu, mbili Jumamosi na moja Jumapili. Timu inaruhusiwa kubadilisha dereva, ila kwenye kambi ya mafundi tu, baina ya sehemu na sehemu. Mtu akiumia njiani, aliyebaki anaweza kushika usukani. Mwisho wa njia ni Mafinga penyewe, kwenye uwanja ulio ng'ambo ya barabara kutoka kiwanda cha mama.

Jumamosi asubuhi Mzee Nyenza akaingia na Salha. Ukungu! Mufindi mnaijua au mnaisikia? Mtu alikuwa hauoni mkono wake akiunyoosha. Magari ishirini na mawili yaliingia msituni. Salha akasoma, mzee akafuata, mpaka mahali Salha akasema kwa sauti yake ileile, "Kushoto tano, mita mia mbili, wazi."

Mzee akaachia mafuta.

"Mwalimu, hapana. Hapa kuna daraja la magogo. Kulia, na ni kali."

"Mzee, noti inasema kushoto tano!"

"Basi inasema ya mbele. Hapa ni daraja."

Akakanyaga breki, akazungusha usukani kulia, na daraja likatokea mbele ya boneti, jembamba, limelowa. Salha akatazama kitabu. Unyevu ulikuwa umegandisha kurasa mbili, naye alizifunua pamoja. Angekuwa dereva mwingine, wote wawili wangekuwa mtoni. Salha akamgeukia mzee. "Nisamehe, Mzee," akasema.

"Fungua ukurasa, mama. Tunachelewa," mzee akajibu, na habari hiyo hakuitaja tena, hata kwa Mama Kikoti. Aliyesimulia ni Salha mwenyewe.

Magari tisa tu yalitoka msituni yakiwa mazima. La njano lilikuwa la tatu, dakika sita nyuma ya la kwanza.

Mchana jua likatoka na ukungu ukaondoka. Sehemu ya pili ni uwanda, njia ndefu na pana, ya vumbi jepesi. Mama akamtazama mzee anavyojinyoosha mgongo kando ya gari, akasema, "Vitalis, pumzika. Elia aingie." Mzee akavua kofia ngumu akampa kijana.

Fundi mkuu akamshika Elia bega. "Sikiliza. Kwenye kalvati la kijiji, lile lenye tuta, usilirushe gari. Chuma kinachoshika gurudumu la mbele kulia kimechoka. Punguza, pita, kisha ukimbie unavyotaka."

"Sawa, fundi."

Sawa, fundi! Ndugu zangu, kijana aliondoka pale vumbi likakaa hewani dakika kumi. Salha anasema kuna mahali alisoma noti tatu kwa pumzi moja na bado akachelewa. Gari moja wakalipita, la pili wakalipita, wanakijiji wakapanda juu ya mapaa kushangilia. Walipofika kwenye kalvati Salha akasema, "Punguza." Elia akaona njia mbele imenyooka, nyeupe, hakuna kitu. Akaliruka.

Gari likatua na kugonga chini, likaendelea. Jioni lilipofika kambini lilikuwa la kwanza, dakika kumi na moja mbele ya la pili. Kumi na moja! Katika mchezo ambao watu hupigania sekunde. Mafundi wakamrusha Elia juu. Kisha fundi mkuu akaingia chini ya gari, akatoka uso umebadilika.

"Kina ufa," akasema. "Nilikuambia."

"Uliniambia, fundi. Nilisahau." Kisha akajirekebisha, na kwa hilo nampa heshima yake. "Sikusahau. Nilitaka."

Fundi akakichomelea kile chuma. Akawaambia wote wakiwa wamesimama pale, "Hiki kitavumilia barabara. Shimo hakitavumilia."

Jumapili njia inarudi msituni. Elia akaomba aendelee. "Mama, gari limeshanizoea," akasema. Mama akafikiri, akasema msitu ni wa Vitalis. Elia akabaki kambini na saa mkononi.

Mzee aliendesha asubuhi ile kama zamani. Hata wanaomsema sokoni walikiri. Akaongeza dakika mbili nyingine, zikawa kumi na tatu. Zikabaki kilomita saba. Mahali hapo wavuna miti walikuwa wamekata kipande cha msitu miezi ya karibuni na kuihamisha barabara. Ya zamani ilikata kushoto, mpya inakata kulia. Na mzee alijua! Alhamisi alipita pale na Salha, akashuka, akaitazama, akaitamka kwa mdomo wake, naye akaiandika.

Salha akasoma, wazi kabisa, "Mita themanini, kulia mbili, njia mpya."

Mzee Nyenza akakata kushoto.

Njia ya zamani ilikuwa imeishia kwenye mtaro. Gari likaingia kwa pua. Kile chuma kikakatika. Na mkono wa kulia wa mzee, uliokuwa umeshika usukani, ukateguka kwenye kifundo.

Hapo hapo walikuwepo wapasua magogo wanne, wamekaa wanakula viazi wakiangalia mbio. Wakaja mbio, wanasalimu kwa lugha ya kwao, "Kamwene! Kamwene! Mko wazima?" Watazamaji wanaruhusiwa kusukuma, kwa hiyo wakalinyanyua gari likarudi njiani. Salha akashuka, akalitazama lile gurudumu limelegea, akaomba kamba. Watu wanaofunga magogo kwenye malori kila siku, mnadhani kamba watakosa? Wakapitisha mti wa mpaina chini ya gurudumu, wakaukaza kwa manila. Magari mengine yakawa yanawapita yakipiga honi. Karibu dakika tisa zikaenda.

Mzee akajaribu kushika usukani, akapiga kelele. Salha akafungua mlango wa upande wa mzee.

"Sogea, Mzee."

"Mwalimu, hujawahi kushindana kwenye usukani."

"Sijawahi. Sogea, unisomee."

Akampa kitabu. Mzee akakishika kwa mkono mmoja, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. "Sioni," akasema. "Miwani iko kambini. Miaka yote sijawahi kuihitaji humu ndani, ninaona mbali." Akakifunga kile kitabu. "Nitakusemea kwa kichwa."

Salha akautazama ule mtaro. Elewa alikuwa amekaa wapi yule mwanamke. Kichwa hicho hicho ndicho kilichowatia mtaroni muda mfupi uliopita.

"Kuna mahali pengine walipohamisha njia?"

"Hakuna. Ni pale tu."

"Una hakika?"

"Na pale nilikuwa na hakika," mzee akasema.

Salha akaingiza gia, akaondoka.

Kilomita saba. Alikwenda kama mtu aliyebeba mayai, kulia, kushoto, mti unagonga chini, kamba inalia, na mzee pembeni anasema kona moja baada ya nyingine, macho ameyafumba. Hakukosea hata moja. Salha naye hakuuliza mara ya pili hata moja. Walipoingia uwanjani Mafinga walikuwa wamepoteza dakika nyingine nne kasoro. Watu wa saa wakahesabu, wakarudia kuhesabu, mmoja akaomba maji. Gari la njano lilishinda kwa sekunde tisa.

Sasa mngeona uwanja. Lakini kwenye kelele zile kuna sauti zikaanza kusema, "Huyu mwalimu ndiye aliyesoma vibaya wakaingia mtaroni." Mnavyojua watu. Salha akasikia, akainamisha kichwa, maana alikumbuka zile kurasa mbili za Jumamosi na hakujua aanze kujitetea wapi. Mzee Nyenza akamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti kwa mkono mzima.

"Alisoma sawasawa," akasema. "Nilimsikia vizuri kabisa. Nikajiona najua zaidi. Kosa ni langu, asiguswe."

Watu wakageuka kumtazama mwalimu. Elia, aliyekuwa amekuja mbio kutoka kambini kwa lori la mafundi, akasema taratibu lakini wengi walimsikia, "Na chuma nilikipasua mimi."

Desturi ya kiwanda ni kwamba gari likirudi, wafanyakazi wanasimama getini na mabaki ya mbao, wanagonga, na anayeliendesha wanambeba juu. Likavuka barabara, likaingia getini, kwa magurudumu yake yote manne, moja limefungwa kamba. Salha kwenye usukani, mzee pembeni, Elia anatembea kando ameshika mlango wa upande wenye gurudumu bovu ili gari lisiinamie chini. Wafanyakazi wakasimama na mbao zao mikononi. Hawakujua wamgongee nani. Mwishowe wakaliwekea gari matawi juu, wakarudi kazini.

Jumatatu Mama Kikoti akawaita, mmoja mmoja. Aliwauliza swali lile lile, "Nikupe kiti kwa nini?"

Elia akasema, "Mama, zile dakika kumi na moja zisingekuwepo, hata hizo kilomita saba za dada Salha zingekuwa kazi bure. Na mimi nina miaka ishirini mbele yangu." Mama akamuuliza kama siku nyingine akiambiwa asiruke, ataruka. Akaapa hataruka. Aliapa haraka sana. Mama akamtazama, akamwambia asante, aende.

Salha akasema, "Mimi nilikuja kukuambia sikitaki, Mama. Nimelala nikijiambia hivyo. Lakini ni uongo. Nakitaka. Sikujua kama nakitaka mpaka nilipokikalia." Mama akamuuliza kama anaweza kwenda haraka. Salha akajibu, "Sijui. Siku ile nilikuwa siruhusiwi kwenda haraka. Sijawahi kupewa nafasi nijue." Kisha akasema kitu kingine. "Kanuni ilisema anayelirudisha. Nililirudisha."

Mzee Nyenza akaingia wa mwisho, mkono umefungwa bendeji. Hakukaa. "Mama, kwanza usinipe kwa huruma. Nitaijua siku ya kwanza tu, na nitakurudishia." Akasema kwamba bila yeye kulikumbuka daraja la magogo hakuna Jumamosi, na bila kichwa chake hakuna kilomita saba. Hayo ni kweli, nani atayakataa?

Mama akamuuliza, "Vitalis, siku nyingine njia ikihamishwa, na msomaji akakusomea, utamsikiliza?"

Mzee akaukandakanda ule mkono wenye bendeji. Angeweza kuapa kama Elia. Nani angemkamata?

"Sijui, Mama," akasema. "Ningependa kukuambia ndiyo. Lakini mtu akishaijua njia miaka ishirini na sita, mikono inakwenda yenyewe. Siwezi kukuapia." Akashika kitasa cha mlango, akageuka. "Ila nikitoka kwenye kiti kile sijui nitakuwa nani. Hilo nalo ni kweli, nimeona nikuambie."

Basi. Mimi nimemaliza, nyie sasa.

Mnaona wenyewe ilivyo. Mtoe mzee, gari liko mtoni Jumamosi asubuhi. Mtoe kijana, hakuna dakika za kupoteza. Mtoe mwalimu, gari liko msituni mpaka leo. Na ukitaka makosa, kila mmoja analo lake: kurasa mbili, kalvati, kona. Nilishawahi kuwa na jibu. Bwana mmoja akaniuliza, "Ungekuwa wewe ndiye msomaji, ungempa nani akuendeshe?" Nikajibu. Akaniuliza tena, "Ungekuwa na miaka hamsini na minane?" Nikakosa usingizi.

Fomu ya ubingwa wa taifa inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Iko mezani kwa Mama Kikoti, imejazwa kila mahali isipokuwa mstari mmoja. Ni saa tano na nusu. Nje ya mlango wamekaa kwenye benchi moja, mzee katikati, wanagawana karanga, wanaongea habari za mvua, kila mmoja anasikiliza kitasa. Mama amechoka. Amekusogezea kalamu wewe.

Andika jina. Na ukishaandika, hapana kupitia dirishani, mlango ni huo huo mmoja. Utapitia huo, utasimama mbele ya benchi, na utasoma kwa sauti. Je, utamsoma nani, na utawatazamaje wale wawili?